"Tuma kwa namba hii": historia fupi ya utapeli wa meseji, na sisi watu wa Kawajense

Najua nimepotea, test zimebana wiki mbili mfululizo na bumu nalo linasuasua, hata bando nanunua la kuungaunga. Leo nimepata upenyo, naomba tuongelee kitu kimoja ambacho nimekaa nacho kichwani tangu muhula uanze.

Hapa chuoni ukijitambulisha kwamba unatoka Mpanda, utani unakusubiri mlangoni. Zamani watu wa ukanda wetu tulitaniwa kwa uchawi na radi. Siku hizi radi imestaafu. Mtu anakuangalia, anacheka, anasema: "Aaah, kumbe ninyi ndio wale wa tuma kwa namba hii!" Bwenini wameshanipa hadi jina, naitwa Namba Hii. Sikasiriki, utani ni utani. Ila nasoma historia, na mtu wa historia akisikia jambo linasemwa na kila mtu, lazima ajiulize limeanzia wapi.

TUANZE NA RAMANI

Mimi ni mtoto wa Kawajense, moja ya kata za Manispaa ya Mpanda, mkoa wa Katavi. Mkoa wenyewe bado mchanga. Hadi mwaka 2012 Mpanda ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa, makao makuu Sumbawanga. Ndio maana wengi bado wanatuweka kapu moja na majirani zetu.

Sasa, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na humo kuna jedwali la majaribio ya ulaghai kwa kila mkoa. Katika ripoti za miaka ya karibuni Rukwa na Morogoro zimekuwa zikishika nafasi za juu. Hilo lipo, siwezi kulificha. Lakini tusome vizuri, kama tunavyofundishwa darasani. Kinachohesabiwa pale ni majaribio, sio vichwa vya watu. Kijana mmoja mwenye rundo la laini anaweza kuchafua jina la mkoa mzima, pamoja na wakulima wake wa mahindi ambao hawajawahi hata kutuma meseji ya salamu. Halafu jedwali hilo halisemi kitu kingine: nani analizwa. Nitarudi hapo.

BARUA YENYE HAZINA

Utapeli wa ujumbe haukuzaliwa na simu. Mfaransa mmoja, Vidocq, ambaye alianza maisha kama mhalifu akaishia kuwa mkuu wa wapelelezi Paris, aliandika kwenye kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1828 kuhusu barua zilizoitwa "barua za Jerusalem". Wafungwa walikuwa wanawaandikia matajiri wakiwa gerezani: bwana mkubwa, mimi nilikuwa mtumishi wa mtu mzito, tukiwa safarini tulificha sanduku la mali mahali fulani, nisaidie hela kidogo nikuonyeshe lilipo. Baadaye karne hiyohiyo mtindo ukaenea Uingereza na Marekani kwa jina la "mfungwa wa Kihispania". Kila mara kuna hazina, kuna mtu amekwama, na wewe ndiye uliyechaguliwa kumkwamua kwa kutoa kidogo.

Miaka ya 1980 mtindo huo ukapata makao mapya Nigeria, wakati bei ya mafuta imeporomoka na vijana wengi wasomi hawana kazi. Barua zilikwenda kwa posta, kisha kwa faksi. Wanigeria wenyewe wakauita 419, kutokana na namba ya kifungu cha sheria yao ya jinai kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Kwetu kosa hilo lipo kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo tungekuwa wabunifu kidogo tungesema "huyu jamaa ni 302".

Intaneti ilipoingia, 419 ikapanda ndege. Mliopitia intaneti kafe za miaka ya 2000, za kulipia kwa nusu saa, mnazikumbuka zile barua pepe: mjane wa jenerali, meneja wa benki, bahati nasibu ya Ulaya ambayo hukuwahi kununua tiketi yake. Kwa Mpanda zilikuwa na kasoro kubwa mbili. Ya kwanza, zilikuja kwa Kiingereza. Ya pili, hata ukitaka kulizwa, utazituma vipi hizo dola? Utapeli wa kumfikia mama wa Kawajense ulihitaji vitu viwili: Kiswahili, na njia ya kupokea elfu ishirini.

HELA ILIVYOKUWA INAFIKA MPANDA

Hapa ndipo historia inaponoga. Mpanda ilikua kwa sababu ya mgodi wa risasi (madini, sio za bunduki), na tawi la reli kutoka Kaliua, kama kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulikufa, treni ikabaki. Wazee wa kwetu wanasimulia kwamba hela ilikuja na treni, ndani ya bahasha, mikononi mwa mtu. Sio mtu yeyote. Mtu wa nyumbani, ambaye akifika asipotoa mzigo, baba yake anajulikana anaishi wapi.

Aliyekosa mtu wa kumtuma alikwenda posta kutuma mani oda. Kwa jambo la haraka kulikuwa na telegramu, na kwa sababu telegramu ililipiwa kwa maneno, watu waliandika kwa ufupi wa ajabu: BABA MGONJWA TUMA FEDHA. Ukiangalia, ni meseji ya tapeli kabisa! Lakini haikuwa rahisi kuitumia kuiba, kwa sababu ile fedha ilitoka dirishani kwa karani, na karani alitaka kitambulisho na sahihi. Baadaye yakaja mabasi, hela ikapita kwa konda au dereva, naye ana sura, ana basi na ana ratiba.

Naomba mlishike hilo neno: shahidi. Katika kila njia ya zamani, kati ya mtumaji na mpokeaji alikaa mtu wa tatu anayeweza kusema "huyu simjui".

2008: SHAHIDI ANAONDOKA

Mwaka 2008 Vodacom ikaleta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Zain ikafuata na Zap mwaka 2009, ambayo baadaye ikawa Airtel Money. Mwaka 2010 ikaja Tigo Pesa, ambayo tangu 2024 inaitwa Mixx by Yas. Halotel wakaingia mwaka 2015. Kwa mkoa kama wetu, wenye barabara ndefu na benki chache, hiki kilikuwa kitu kikubwa kuliko watu wa Dar wanavyofikiri. Kijana yuko machimbo ya dhahabu, mzee yuko shambani kwenye tumbaku, mtoto yuko shule ya bweni mkoa mwingine. Wote wakaunganishwa kwa wakala mwenye mwavuli na kijimeza.

Lakini miaka ile ya mwanzo si kila mtu alikuwa na simu, na si kila mwenye simu alikuwa na laini iliyosajiliwa kupokea hela. Simu ilikuwa inaazimwa. Chaji ilikuwa inalipiwa dukani. Kwa hiyo watu waaminifu kabisa walikuwa wanaandika hivi: "Kaka simu yangu imezima, tuma kwa namba hii, ni ya jirani." Au: "Tuma kwa namba hii ya wakala, nipo hapa kwake."

Mmeona? Tapeli hakubuni sentensi. Aliiokota. "Tuma kwa namba hii" ilikuwa sentensi ya upendo ndani ya familia zetu, ya mtoto kwa baba na ya mke kwa mume, kabla haijawa sentensi ya wizi. Ndio maana ilishika haraka kuliko mjane wa jenerali. Ilikuwa na sauti ya nyumbani.

Na angalieni ufundi wake: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo. Jina litakuja fulani." Haitaji jina lako. Haitaji kiasi. Haisemi ni hela ya nini. Wengi watakaoipata wataicheka na kuifuta. Lakini ukiitawanya kwa watu wengi, hawakosi wachache ambao dakika hiyohiyo wameshika simu wanataka kutuma hela kweli, ya kodi, ya mahari, ya deni la mbolea. Huyo hahitaji kudanganywa, anajidanganya mwenyewe kwa kujaza mapengo. Lile "jina litakuja" ndilo kufuli la mwisho. Mitandao iliweka jina la mpokeaji lionekane kabla hujathibitisha ili litulinde, tapeli akalitaja mapema ili usishtuke.

VIZAZI VYA MESEJI

Tangu hapo zimepita koo nyingi. Kuna mwenye nyumba: "Mimi baba mwenye nyumba wako, mbona kimya, kodi tuma huku." Kuna mganga anayekwambia mzigo wako uko tayari. Kuna Freemason, iliyotamba sana miaka ya 2010, hadi kwenye nguzo za umeme: jiunge upate utajiri, ila kwanza tuma hela ya fomu. Marehemu Sir Andy Chande, aliyekuwa sura ya Freemason Afrika Mashariki hadi alipofariki mwaka 2017, alikuwa mfanyabiashara wa kuheshimika, sijui kama angejitambua kwenye zile meseji.

Kuna "nimekosea kutuma, naomba unirudishie", inayotanguliwa na meseji bandia inayofanana na ya mtandao, ila imetoka namba ya kawaida ya mtu. Kuna "hongera umeshinda". Kuna ajira: umechaguliwa, lipia sare. Kwa sisi wanachuo kuna ufadhili wa nje wenye ada ya kushughulikia fomu, ambayo kwa kweli ni mfungwa wa Kihispania amevaa joho la mahafali. Na ya siku hizi: rafiki yako anakuandikia WhatsApp, "kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nitumie". Ukituma tu, akaunti yako imeondoka, na sasa wewe ndiye unayewaomba hela shangazi zako wote.

Ya mwalimu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu. Nieleze kwa nini.

MAMA MDOGO

Mama mdogo wangu anaishi Kawajense. Analima mahindi, na mwanae wa kiume yuko sekondari ya bweni mkoa mwingine. Mwaka juzi, ameuza magunia yake tu, akapigiwa simu: "Mama nanihii? Mimi mwalimu wa zamu. Kijana wako ameanguka, tumemkimbiza hospitali, daktari anataka laki moja na themanini ya vipimo. Usikate simu." Nyuma kunasikika kelele za watu. Mama mdogo alikimbia kwa wakala na khanga moja. Wakala akamuuliza, "mama una uhakika?" Akajibiwa kwa machozi. Hela ikaenda. Baada ya nusu saa akampata mwalimu anayemjua: mtoto yuko darasani, mzima, anaandika noti.

Alikwenda polisi, akaandikisha. Hela ilikuwa imeshatolewa. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu ambaye huenda naye hajui kama ana laini hiyo. Ile ilikuwa hela ya mbolea, na msimu ule shamba lilikuwa na rangi ya njano.

Lakini hilo sio lililoniuma zaidi. Muhula uliofuata mtoto aliugua kweli, malaria. Matroni akapiga kwa simu yake binafsi, namba ngeni. Mama mdogo akasikiliza, akasema "mmeshanizoea nyie", akakata, akaizuia namba. Mtoto alilala siku mbili akisubiri, hadi ujumbe ulipofika kwa njia ya mzazi mwingine. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini tangu siku hiyo naelewa kwamba laki moja na themanini ilikuwa sehemu ndogo ya wizi. Tapeli alichukua sauti ya mwalimu. Sasa mwalimu wa kweli akipiga, hana sauti.

Kwa hiyo mnaponitania, kumbukeni na Kawajense inalizwa. Tapeli akiwa Rukwa, akiwa Morogoro, akiwa gerezani Kamiti kule Nairobi kama Wakenya wanavyolalamika kila siku, hachagui mkoa. Anachagua mwenye hofu.

SERIKALI NAYO IMEFANYA NINI

Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ikaufanya kuwa lazima. Lakini usajili ule wa kujaza fomu na kitambulisho chochote ulikuwa na matundu. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba mosi. Sheria hiyo ina mjadala wake mkubwa upande wa uhuru wa kusema, sitaingia huko leo, ila ndani yake kuna makosa ya udanganyifu kwa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine.

Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha NIDA. Mwisho ulipangwa Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Mnakumbuka foleni za NIDA? Wengi walidhani utapeli umekwisha siku hiyo. Haukuisha, kwa sababu tundu lilihama kutoka kwenye fomu kwenda kwenye kidole. Wakala asiye mwaminifu anamwambia bibi "bado haijasoma, weka tena", na kila anapoweka kuna laini nyingine inazaliwa kwa jina la bibi. Laini hizo ndizo zinauzwa.

Mwaka 2024 ikaja kampeni ya SITAPELIKI ya wizara na kampuni za simu. Nzuri, ila kampeni inasikika zaidi mjini penye televisheni kuliko shambani.

SASA TUFANYE NINI

Ukirudi kwenye lile neno langu, shahidi, dawa nyingi ni kumrudisha tu pale katikati alipoondolewa.

1. Meseji ya hela isijibiwe kwa hela, ijibiwe kwa simu. Mpigie mhusika kwa namba unayoijua wewe ya siku zote, sio iliyoandikwa kwenye meseji. Hapatikani? Subiri. Deni la kweli halifi kwa nusu saa.

2. Anayekwambia "usikate simu" au "usimwambie mtu" anamfukuza shahidi. Kata.

3. Ukiambiwa umetumiwa hela kimakosa, angalia salio lako kwanza kwa menyu ya mtandao wako. Kama kweli imeingia, usirudishe kwa mkono wako, mwambie apige huduma kwa wateja ili muamala urudishwe na mtandao wenyewe.

4. Huduma kwa wateja ni namba 100. Anayejiita wa mtandao na anakupigia kwa namba ya kawaida, akikuelekeza "bonyeza nyota hii", huyo ni mwizi. Namba ya siri hakuna mfanyakazi anayeihitaji. Zile namba sita za kuthibitisha ni ufunguo, nazo hazitumwi kwa mtu.

5. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ifutwe. Likizo hii wafanyieni na wazazi na bibi zenu, itawachukua dakika mbili.

6. Usiifute tu meseji ya tapeli. Itume kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ya kuandika namba iliyokutumia, ili ifungiwe. Hii ni bure na ndiyo inayompa tapeli hasara.

7. Ukishatuma kwa makosa, usilie kwanza. Piga 100 hapohapo. Kama hela haijatolewa inaweza kuzuiwa. Kisha nenda polisi.

8. Hii ni yangu, sio ya TCRA. Wekeni neno la familia. Sisi nyumbani tumekubaliana neno moja la ajabuajabu, la Kibende, ambalo halimo kwenye simu ya mtu yeyote. Anayeomba hela ya dharura bila kulitaja, hata awe na sauti yangu, hapati kitu. Mama mdogo ameshalifikisha kwa matroni na kwa mwalimu wa darasa. Muhula huu matroni alipiga kwa namba ngeni, akalitaja, na hela ya dawa ikaenda siku ileile.

Nimemaliza wadau. Mwenye meseji mpya ya kitapeli ambayo sijaitaja anionyeshe tukionana kwa mama ntilie, nazikusanya, huenda zikawa tasnifu yangu ya mwaka wa tatu. Na kama wewe ni wa bwenini kwetu, endelea tu kuniita Namba Hii, ila piga hiyo *106# kwanza.

Nawasilisha.